Tarehe kwenye Kibao cha Ezra

Ukifa popote kati ya Maji ya Chai na Kikatiti, na watu wako wakataka ulale mahali panaposomeka, huna budi kupitia mikononi mwa Mzee Sifael. Wapo vijana kule mjini wenye mashine za kuchonga marumaru, na wanabandika mpaka picha ya marehemu akiwa amevaa suti, lakini mvua za masika mawili tu zinatosha, uso umekwenda na tai imebaki. Kibao cha Sifael ni cha simenti, kinamwagwa kwenye boksi la mbao, na maandishi yake huandikwa kwa msumari wa inchi sita zege likiwa bado bichi. Kuna vibao vyake vya miaka thelathini ambavyo havijapoteza hata nukta, na atakuambia hivyo hata kama hukumuuliza.

Mzee huyu ana ugonjwa mmoja na wateja wake wote wanaujua: haandiki tarehe ya kusikia. Lazima aone karatasi. Cheti cha ubatizo, kadi ya kliniki, kibali cha mazishi, chochote chenye mhuri. Kuna mjane aliwahi kumwambia, mume wangu nilimfumba macho mwenyewe, unataka karatasi ya nini? Sifael akamjibu kwa upole wote kwamba anamsikia, lakini kadi ya hospitali iko wapi. Watu humcheka kwa tabia hiyo na yeye hacheki. Kwake mtu kuandikiwa siku isiyo yake juu ya kaburi ni kuibiwa akiwa hawezi kupiga kelele.

Basi tangu mwezi wa sita mwaka huu fundi huyu hakutulia hata siku moja. Alijenga upya banda la ng'ombe ambalo halikuwa na tatizo. Alihamisha rundo la kokoto kutoka upande wa jikoni kwenda upande wa barabara, wiki iliyofuata akalirudisha. Alizunguka kwenye makaburi aliyoyajenga zamani akiwa na ndoo ya chokaa, akayapaka bila kuitwa na mtu, mpaka familia moja ikamkuta kwa babu yao na kudhani mzee amechanganyikiwa. Ukimkaribisha kiti anakaa, ukigeuka kuchukua chai unakuta kiti kitupu. Mkewe, Mama Ezra, alimwambia kwa hasira kwamba atamfunga kamba mguuni kama mbuzi.

Sababu ilijulikana na kila mtu. Ezra, mtoto wao wa pekee wa kiume, alikuwa amepotea baharini.

Namna kijana wa mlimani alivyofika baharini ni jambo ambalo Sifael mwenyewe hakuwahi kulielewa vizuri. Ezra alikulia kwenye mfereji wa kunyweshea migomba, maji ya kufika magotini. Alisoma ufundi wa mitambo, akaenda Dar es Salaam kutafuta kazi ya gereji, na huko akakutana na watu waliomwambia kwamba injini kubwa kuliko zote ziko kwenye meli. Akaingia chuo cha ubaharia. Kuogelea alijifunza akiwa na miaka ishirini na mbili, kwa sababu bila kuogelea hapati cheti. Miaka sita alifanya kazi chini kabisa ya meli za mizigo, kwenye chumba cha injini, akipaka mafuta na kukaza nati, na kila bandari aliyofika alipiga simu nyumbani. Mama alimuuliza amekula nini. Baba alimuuliza injini ya safari hii ina uzito gani, na akitajiwa tani alikata simu akiwa amefurahi sana.

Meli ya mwisho ilibeba ngano. Ilikuwa inapita Bahari ya Shamu, mahali ambapo watu walikuwa wanapigana vita ambavyo Ezra hakuwa na upande ndani yake, na kombora likaipiga. Barua ya kampuni ililetwa na wakala kutoka Dar, ina mihuri miwili na sahihi tatu. Ilisema kombora lilipiga ubavuni tarehe ishirini Mei jioni, kwamba mabaharia watatu waliokuwa zamu kwenye chumba cha injini walifariki papo hapo, na kwamba meli ilizama alfajiri ya tarehe ishirini na moja. Miili haikupatikana.

Mama Ezra aliyashika maneno mawili katika barua ile nzima. Papo hapo. Kila mgeni aliyekuja kumpa pole alimpa chai, akaketi naye, akamwambia: "Namshukuru Mungu, hakuteseka. Ilikuwa papo hapo." Aliyasema kanisani, aliyasema sokoni Tengeru, aliyasema kwa mwanamke aliyempimia maharage na ambaye hakuwa ameuliza kitu. Maneno yale mawili ndiyo yaliyomrudishia usingizi baada ya wiki tatu za kutembea ndani ya nyumba usiku. Sifael alimsikia akikoroma tena na akashukuru sana, ingawa yeye mwenyewe usingizi haukumrudia.

Ukoo ulisubiri miezi miwili na nusu, kisha ukakaa kikao. Kaka yake Sifael, Mzee Elimringi, ndiye mkubwa wa boma na ndiye aliyeongoza. Ulikuwa mjadala mgumu, maana kwao mtu huzikwa shambani kwake, kati ya migomba na kahawa, na hakuna aliyekumbuka kuzika jeneza lisilo na mtu. Wazee wawili walitaka ukatwe mgomba wa kimo cha Ezra, ufungwe sanda, uzikwe badala ya mwili. Mchungaji aliposikia akasema yeye hataombea mgomba. Mwishowe wakakubaliana jeneza litiwe nguo zake: suti ya kipaimara iliyokwisha kumbana, ovaroli ya chuo, na viatu. Mazishi Jumamosi ya tarehe kumi na sita Agosti, pembeni ya kaburi la babu yake.

"Na kibao utatengeneza mwenyewe, mdogo wangu," Elimringi alisema. "Hatuwezi kumleta fundi mwingine hapa tukachekwa."

"Nitatengeneza, kaka."

"Lini?"

"Nitatengeneza."

Kilichompata Sifael kilianza Jumatano ya wiki ile ya mazishi. Aliitoa barua ya kampuni kwenye bahasha ili anakili tarehe, kama anavyofanya kwa karatasi ya mteja yeyote. Alikuwa ameisoma labda mara mia. Lakini safari hii aliisoma kama fundi, siyo kama baba, na macho ya fundi yakakwama kwenye mstari aliokuwa akiuruka. Mlango wa chumba cha injini, barua ilisema, uliharibika kwa mlipuko na haukuweza kufunguliwa mpaka meli ilipozama.

Akaisoma tena. Kama mlango haukufunguliwa, nani aliingia akawaona wamekufa papo hapo?

Aliikunja barua, akavaa koti, akatoka. Agosti kule ni baridi ya kweli, mlima ulikuwa umejifunika tangu asubuhi na manyunyu yalikuwa yanaanguka. Mama Ezra alimwita kutoka jikoni amuulize anaenda wapi na mvua hii. Akajibu anaenda kuangalia mchanga. Mchanga ulikuwa pale pale nyuma ya banda, rundo zima, na mama huyo alilijua hilo.

Kulikuwa na mtu wa kumuuliza. Katika meli ile alikuwemo Mtanzania mwingine, Ludovick, Mchaga wa Kibosho aliyefanya kazi juu, kwenye sitaha. Yeye aliokolewa. Alilazwa ng'ambo, akarudishwa nchini mwezi wa saba, na sasa alikuwa anakaa kwa dada yake Kandida pale Maji ya Chai mpaka mikono yake ipone. Alikuwa amepiga simu ya pole mara moja, akalia, akakata. Sifael alitembea kwa miguu kutoka kwake, karibu na Kikatiti, mpaka huko. Bodaboda watatu walisimama kumbeba na akawakataza kwa mkono, maana kukaa nyuma ya pikipiki nako ni kukaa.

Kandida alimfungulia, akampa shikamoo, akamwonyesha ukumbi wa nyuma. Ludovick alikuwa ameketi kwenye kigoda na viganja vyote viwili vimefungwa bandeji. Alipomwona mzee akasimama haraka mpaka kigoda kikaanguka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Keti, mwanangu."

Aliketi Ludovick. Sifael alibaki amesimama, akawa anatembea kutoka kwenye nguzo moja ya ukumbi mpaka nyingine.

"Tunazika Jumamosi," alisema. "Nataka kuandika tarehe. Nimekuja unithibitishie."

"Ni tarehe ishirini, baba. Si wamewaandikia?"

"Wameandika."

"Basi ndiyo hiyo. Walikufa papo hapo."

Sifael aliacha kutembea. Yalikuwa maneno yale yale ya kwenye barua, yametoka mdomoni mwa kijana bila hata moja kubadilika mahali.

"Mlango uliufungua wewe?"

Ludovick alirudisha viganja mapajani.

"Nakuuliza, mwanangu. Mikono hiyo iliungua wapi?"

Kijana aliinamisha kichwa. Kandida alikuwa amekuja na chai, akaiona hali ile, akaiweka chini na kurudi ndani. Ludovick alizungumza akiangalia bandeji zake.

Alisema chuma kilikuwa kimepinda na kimeshika moto. Walijaribu kwa mtaimbo, walijaribu kwa mnyororo, yeye na wenzake wanne, na nahodha mwenyewe alikuwa pale akivuta pamoja nao. Haukufunguka. Na kabla hawajakata tamaa walisikia kugongwa kutoka ndani. Spana kwenye chuma. Nao wakagonga kuwajibu, kwamba tupo, tumewasikia. Ikawa hivyo usiku kucha. Meli ililala upande kidogo kidogo, na kule chini waliendelea kugonga.

"Walikuwa wote watatu?" Sifael aliuliza.

"Wote watatu. Unajua, baba, kila mtu ana mkono wake. Mmoja alikuwa anagonga kwa nguvu, polepole. Mwingine haraka haraka. Mwingine mara mbili, anapumzika, mara mbili. Akichoka huyu anapokea yule. Hawakuacha hata dakika tano."

"Ezra alikuwa yupi?"

"Sijui, baba. Naapa sijui. Nimejiuliza mpaka kichwa kinauma."

"Mpaka saa ngapi?"

Ludovick alifuta macho kwa bandeji. "Meli ya kutuokoa ilifika kunapambazuka. Tukaamriwa kushuka kwenye boti, ilikuwa inazama. Nahodha alitoka wa mwisho. Baba, wakati naingia kwenye boti walikuwa bado wanagonga."

Sifael alikanyaga kikombe cha chai bila kukiona, chai ikamwagika kwenye saruji ya ukumbi. Hakukiokota.

"Usimwambie mama," Ludovick alisema. "Nakuomba. Sisi wote tulikubaliana tuseme papo hapo. Hata kampuni tuliwaambia hivyo sisi wenyewe. Kwa ajili ya akina mama."

Mzee alimshika kichwa kwa mikono yote miwili, kama wanavyofanya wazee wakibariki, akamwambia asante. Kisha akatoka bila kumuaga Kandida, jambo ambalo ni utovu wa adabu na hajawahi kulifanya maishani mwake.

Hakurudi nyumbani moja kwa moja. Alipita njia ya kwake akaendelea, akafika Kikatiti penyewe, akageuka, akaipita tena. Alimkasirikia Ludovick kwa kusema, kisha akajikasirikia yeye kwa kuuliza. Aliwakasirikia watu wa kule waliolenga meli ya ngano, watu ambao hakujua sura zao wala madai yao, na hasira hiyo haikuwa na mahali pa kwenda ikamrudia mwenyewe. Halafu ikaja hesabu ambayo hakuitaka. Jioni ile ya Mei alikuwa amefanya nini? Alikuwa amekula ugali na mboga, amesikiliza taarifa ya habari, amelala saa tatu. Alilala fofofo wakati mtoto wake anagonga.

Sasa alikuwa na tarehe mbili mkononi. Ishirini ilikuwa na karatasi, mhuri na sahihi, na juu yake mkewe alikuwa amelaza kichwa. Ishirini na moja haikuwa na karatasi yoyote, na ndiyo iliyokuwa ya kweli. Akiandika ishirini atamwibia Ezra usiku mzima wa kupigania maisha yake, usiku ambao pengine ndio aliofanya kazi kubwa kuliko kazi zote za maisha yake. Akiandika ishirini na moja, kila mwenye macho atahesabu, na wa kwanza kuhesabu atakuwa mama. Ndipo alipoona kwamba kwa miaka yote ile alikuwa akidai karatasi kwa watu kwa kichwa kigumu tu, na hakuwahi kujua tarehe inaweza kuwa nzito hivi.

Alhamisi alimkwepa kila mtu. Turubai lilikuwa limefungwa uani, watu wanaingia na kutoka, na yeye alijipa kazi ya kusogeza viti. Elimringi alimkamata karibu na tangi la maji.

"Kibao kiko wapi?"

"Kesho asubuhi."

"Kesho ni Ijumaa. Na baridi hii simenti itakauka lini? Wewe ndiye unayetufundisha hayo."

"Kesho asubuhi, kaka. Niache."

Elimringi alimwacha, akarudi kwenye turubai.

Ijumaa saa moja asubuhi Sifael alikuwa nyuma ya banda, peke yake, amepiga magoti mbele ya boksi. Alichanganya simenti na mchanga aliouchekecha mara mbili, akaweka nondo nyembamba ndani, akamwaga, akasawazisha kwa mwiko mpaka uso ukawa laini. Akangoja lishike kidogo. Akachukua msumari. Aliandika jina, EZRA SIFAEL, herufi zimenyooka. Akaandika siku ya kuzaliwa, 4.9.1993, siku ambayo aliijua bila karatasi kwa sababu alikuwa amesimama nje ya mlango wa wodi.

Akaandika 20.5.2025. Akaitazama. Akachukua mwiko akaifuta.

Akaandika 21.5.2025. Kutoka uani zilisikika sauti za akina mama wakimenya ndizi, na katikati yao sauti ya mkewe akimwelekeza mtu mahali sufuria kubwa lilipo, sauti ya mtu aliyelala vizuri. Akaifuta na hiyo.

Akaandika tena ishirini. Akaifuta. Zege lilikuwa limeanza kugoma, mwiko unakwaruza badala ya kuteleza, akanyunyizia maji kwa vidole. Alijua ana nusu saa, labda pungufu. Aliandika ishirini na moja, na alikuwa ameinua mwiko juu yake wakati kivuli kilipoangukia boksi.

"Baba Ezra," mkewe alisema. Alikuwa na kikombe cha uji mkononi. "Nimesimama hapa nakuona unaandika na kufuta. Tarehe ya mwanao huijui?"

"Naijua."

"Sasa unafuta nini?"

Sifael alitafuta uongo na hakuupata hata mmoja wa kumfaa. Alibaki amepiga magoti, mwiko juu.

"Ulienda kwa yule kijana wa Maji ya Chai," alisema Mama Ezra. "Usiniambie mchanga. Kandida alinipigia kuuliza kama ulifika salama, alisema uliondoka vibaya. Amekuambia nini?"

"Mama Ezra, tumalize kuzika kwanza."

"Amekuambia nini?"

Akamwambia. Alimwambia mlango, mtaimbo, spana, meli kulala upande. Alijaribu kuiruka ile sehemu ya boti na hakuweza, maana mkewe alikuwa anamwangalia usoni na angeona pengo. Alipomaliza uji ulikuwa umemwagika wote chini na kikombe bado kiko mkononi mwa mama.

"Miezi mitatu," alisema. "Miezi mitatu nimemshukuru Mungu kwa kitu ambacho hakikuwepo. Nimesimama kanisani! Nilikuwa nimelala, Sifael. Mwanangu anagonga mlango na mimi nimelala."

Hakuwa amemwita kwa jina lake tangu walipokuwa wachumba. Sifael alitaka kusimama amshike, lakini alichelewa. Alimwona akikaa chini juu ya rundo la mchanga, kanga yake nzuri ya msiba ikiingia kwenye tope, na akafikiri kwa hofu ya kweli kwamba amemwua na yeye. Kwa nini asingeacha ile ishirini? Ingemgharimu nini?

Mama Ezra alilia mpaka akamaliza. Alilia kwa sauti ya chini, akijua uani kuna watu. Kisha akauliza, bila kuinua kichwa:

"Walikuwa watatu?"

"Watatu."

"Kila mmoja anagonga?"

"Walikuwa wanapokezana. Akichoka huyu anapokea mwingine. Hawakuacha hata dakika tano, amesema."

"Hao wengine ni akina nani?"

"Barua inasema mmoja Mfilipino. Mwingine Mhindi, mtu mzima, fundi mkuu wa zamu. Sijui zaidi."

"Wamezikwa wapi?"

"Hawakuzikwa. Wako naye."

Kutoka kwenye turubai walikuwa wanatoka wanawake waliolala pale usiku, majirani na mashemeji, wamejifunga mablanketi, macho mekundu, wanapiga miayo na kutafuta maji ya kunawa uso. Mmoja aliwahi kugombana na Mama Ezra kwa ajili ya mpaka wa shamba, wakawa hawasalimiani miaka minne. Usiku huo alikuwa amekesha karibu ya moto, na asubuhi hii hakuna ambaye angemkumbusha ule mpaka. Mama Ezra aliwatazama mpaka wa mwisho wao alipopita.

"Mpigie Ludovick," alisema. "Akupe majina yao. Yote mawili, na ya ukoo."

"Ya nini?"

"Uyaandike."

Elimringi alikuwa amefika, amekuja kuhakikisha kibao. Alisikia neno la mwisho, akaangalia boksi, akaangalia tope kwenye kanga ya shemeji yake, akaelewa kwamba kuna kitu kimepita pale lakini hakujua ni kipi.

"Kuandika nani?" aliuliza.

"Watu waliokufa na Ezra," Sifael alisema.

"Kwenye kibao? Shemeji, lile ni kaburi la ukoo. Pale amelala baba yetu. Hatuwajui hao, hata dini zao hatuzijui. Watu watauliza."

Mama Ezra aliinuka kutoka kwenye mchanga. Hakupandisha sauti.

"Shemeji, wewe usiku ule ulikuwa umelala. Na mimi nilikuwa nimelala, na baba yake alikuwa amelala, na ukoo wote huu ulikuwa umelala. Hao ndio waliokesha na mwanangu."

Elimringi alivua kofia yake, akabaki ameishika kifuani.

Sifael alikuwa tayari ameuweka mwiko chini, ishirini na moja ikiwa bado pale kwenye zege, na ameshatoa simu, anaitafuta namba kwa kidole chenye simenti. Ludovick alipokea mara ya kwanza. Mama Ezra akachukua simu, akaiweka sikioni, akachuchumaa pembeni ya boksi, na mkono wake mmoja akauweka begani kwa mumewe.

"Nitajie herufi moja moja, mwanangu," alimwambia Ludovick. "Polepole, mzee asikosee." Akamgeukia Sifael. "Anza na yule Mfilipino, Rodel. R. Andika, baba Ezra, zege linakauka."